Moshi wa Jumanne na Ijumaa

Kwa miaka sita alikuwa muuguzi wa chumba cha mvuke katika zahanati ya watoto, na mtaa mzima ulimwita Sista. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo: viti vinne vya plastiki, mashine mbili za kugeuza dawa kuwa mvuke, beseni la kunawia mikono, na dirisha moja lililotazama barabara kuu na, ng'ambo ya barabara, kiwanda cha magodoro. Mtoto akiletwa kifua kimembana, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, Sista alimkalisha mapajani mwa mama yake, akamvisha barakoa, akawasha mashine na kuanza kumhadithia upuuzi wowote uliomjia kichwani hadi pumzi itulie.

Alikuwa mtu wa kushuku. Si kwa ubaya, ndivyo alivyokuwa tu. Akinunua mayai aliyatikisa sikioni moja baada ya jingine. Akiambiwa dawa imekwisha stoo, alikwenda stoo mwenyewe. Mama yake, ambaye alikaa naye, alizoea kumtania: "Wewe mwanangu, hata nikikuambia habari za asubuhi, unachungulia nje kwanza kama kweli kumekucha."

Jumatano moja alikuwa akipekua daftari la wagonjwa ili ajue kama barakoa zilizobaki zitafika mwisho wa mwezi. Akaona kitu ambacho hakikuhusu barakoa. Mwandiko wake mwenyewe ulikuwa ukibadilika. Ukurasa mmoja herufi zimekaa vizuri kama za mtoto wa shule anayetaka sifa. Ukurasa unaofuata zimelala, zimekatika, majina nusu nusu, kama zilizoandikwa na mtu anayekimbia. Akatazama tarehe za kurasa zile mbaya. Jumanne. Ijumaa. Jumanne. Ijumaa.

Akavuta kiti, akaanza kuhesabu. Jumanne iliyopita, watoto kumi na tisa. Jumatano saba. Alhamisi sita. Ijumaa ishirini na mmoja. Akarudi nyuma wiki moja, akakuta vilevile. Akarudi wiki saba, vilevile. Wiki ya nane nyuma, hakuna. Siku zote zilifanana. Na wengi wa watoto wale wa Jumanne na Ijumaa walitoka sehemu moja: uchochoro ulio nyuma ya ukuta wa zahanati.

"Pumu haijui kalenda," alijisemea.

Jioni ile, baada ya zamu, alizunguka ukuta akaingia uchochoroni. Huko alikaa Mama Pacha, mwanamke aliyefulia watu nguo, mwenye mapacha wa miaka minne, wa kike na wa kiume, ambao Sista aliwajua hadi namna walivyolia. Alimkuta akikamua shuka, nusu ya shuka shingoni, nusu mikononi.

"Sista! Kuna nini? Mbona umetufuata nyumbani?" Mama Pacha alishtuka. Muuguzi kuja mlangoni mwa mtu bila kuitwa si habari njema.

"Hakuna kitu. Nataka kukuuliza. Jumanne na Ijumaa mnafanya nini hapa?"

Mama Pacha aliliacha shuka lirudi kwenye beseni.

"Na wewe umeona?" aliuliza polepole. "Mimi Jumanne na Ijumaa sianiki nguo nyeupe. Nilianika mara mbili nikalazimika kurudia kufua. Zinatua chembe nyeusi, ukizigusa zinaacha mafuta. Nikadhani jirani ananifanyia makusudi. Nilimnunia mwezi mzima maskini wa watu."

"Asubuhi au jioni?"

"Alfajiri. Mimi nikiamka zimeshatua. Na hawa wangu wanaamkia kukohoa."

Sista aliinua macho. Juu ya ukuta, juu ya paa la zahanati, bomba refu la kiwanda cha magodoro lilionekana vizuri, likitema moshi wake mweusi bila aibu. Ukisimama mahali pale, ungeapa kwamba moshi ule unavuka barabara, unaipita zahanati kwa juu na kudondokea uchochoroni. Wote wawili walilitazama bomba.

*

Kuanzia siku hiyo Sista hakukitoa kiwanda machoni. Alikumbuka kwamba mwezi uliopita mwenye kiwanda, ambaye watu walimwita Tajiri wa Magodoro, alileta zahanatini magodoro kumi mapya, bila kuombwa. Wenzake walipiga makofi. Sasa Sista alijiuliza mtu anatoaje magodoro kumi kwa watoto asiowajua, kama hana kinachomsuta.

Alivuka barabara, akaenda hadi getini. Mlinzi alikuwa mwembamba, mwenye koti la mvua ingawa mvua haikuwapo.

"Kaka, habari za kazi? Hili bomba lenu linawaka kila siku?"

"Kila siku isipokuwa Jumapili."

"Na Jumanne mnachoma nini cha zaidi?"

"Dada, mimi nalinda geti. Silindi moshi." Kisha akakunja uso. "Nani amekutuma?"

"Sijatumwa na mtu."

"Basi andika jina hapa, na sehemu unayofanya kazi, na ulichokuja kuuliza."

Sista hakuandika. Aliondoka akihisi macho ya yule mlinzi mgongoni mpaka alipoingia zahanatini.

Chuo cha ufundi mjini kilikuwa na mwalimu mmoja wa kike aliyepima hewa. Sista alimpata kupitia kwa binamu yake, akamweleza kwenye simu, na baada ya siku tatu mwalimu akaja na begi mgongoni. Ndani ya begi mlikuwa na vijisanduku vitatu vyeupe, kila kimoja ukubwa wa mkate mdogo, vyenye feni ndogo inayovuta hewa na kuhesabu vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho.

"Hili ndilo baya," mwalimu alieleza. "Vumbi unaloliona, pua inalizuia. Hili linapita moja kwa moja mpaka chini kabisa ya mapafu, na kwa watoto mapafu bado yanakua."

Kimoja walikifunga ukutani kwa Mama Pacha. Cha pili, juu ya kibanda cha fundi viatu kando ya uzio wa kiwanda. Cha tatu mwalimu alitaka mahali pasafi, pa kulinganishia.

"Zahanatini," Sista alisema mara moja. Wakakitundika nyuma, chini ya paa la chumba cha mashuka.

Habari hazikukaa. Ndani ya wiki uchochoro mzima ulijua kwamba hewa inapimwa, na kila mtu akawa na lake. Mzee mmoja alidai kile kisanduku kinarekodi maneno ya watu, akawa akipita mbele yake amefunga mdomo kwa kiganja. Wengine walisema kiwanda kimeshasikia na kitakivunja. Mama Pacha, aliyekuwa na sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa tatu, alikusanya majirani wakakubaliana: Jumatatu ya wiki ya pili waende wote kiwandani, pamoja na mwenyekiti wa mtaa, wadai bomba lizimwe.

Alhamisi, mchana, Sista alimwona yule mlinzi wa koti la mvua akitembea kando ya ukuta wa zahanati, upande wa nyuma, akitazama juu. Alipogundua ameonekana aligeuka kama aliyekumbuka kitu, akaenda zake.

Halafu kulikuwa na jambo jingine, ambalo Sista hakumwambia mtu. Jioni ileile ya Alhamisi, wakati wa kufunga, aliona pikapu nyeupe ikirudi kinyumenyume kwenye geti la nyuma. Geti lile halikuwa likitumika. Aliyelifungua alikuwa Daktari Mkuu mwenyewe, funguo mkononi, koti jeupe limevuliwa. Sista aliuliza wafagiaji, akaambiwa pikapu huja kila Jumatatu na Alhamisi. Akili yake ikaenda kwenye stoo ya dawa.

Kesho yake alimkabili Daktari koridoni, kwa adabu. "Daktari, ile gari ya jana jioni ilileta nini? Au ilichukua?"

Daktari Mkuu alikuwa mtu mtaratibu, mwenye uso uliochoka siku zote. Hakupepesa macho. "Mambo ya ofisi, Sista. Yasikusumbue."

Hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Akaenda stoo akahesabu maboksi ya dawa. Hayakupungua hata moja. Badala ya kutulia, akazidi kushuku.

*

Baada ya siku kumi mwalimu wa chuo alirudi, akaketi kwenye kiti kimoja cha plastiki katika chumba cha mvuke, akafungua kompyuta mapajani.

"Ulikuwa sahihi kuhusu siku," alisema. "Tazama. Uchochoroni vumbi linapanda Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Saa tatu jua likikolea linashuka. Linapanda vibaya sana, mara sita, mara saba ya siku za kawaida."

"Na kiwandani?"

"Kiwandani si kusafi. Lakini kunafanana siku zote. Hakuna Jumanne wala Ijumaa." Mwalimu alikuna kichwa. "Kinachonishinda ni hiki cha kwenu. Hiki ndicho kinachopanda kuliko vyote. Na kinapanda dakika chache kabla ya cha uchochoroni. Haiwezekani. Labda kimeharibika. Au kuna mtu anakichezea, anakipulizia moshi wa sigara au kitu kama hicho, ili tukose ushahidi."

Akilini Sista aliona koti la mvua likipita kando ya ukuta. "Ijumaa nitamngoja," alisema.

Ijumaa aliondoka nyumbani nyota zikianza kufifia. Aliingia kwa geti la mbele, akamsalimu askari wa zamu, akapita koridoni viatu mkononi na kujificha katika chumba cha mashuka, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Kulikuwa na ubaridi, na hewa ilikuwa imesimama, hata jani la mti halikutikisika. Kutoka pale alikiona kisanduku cheupe juu yake, na ua wote wa nyuma.

Hakuja mlinzi. Alikuja Bwana Usafi, mfanyakazi wa taka, mtu wa makamo aliyekuwa pale tangu zahanati ijengwe. Alikuwa akisukuma toroli lililojaa mifuko myekundu, ile ya taka za hospitali. Akaenda hadi pembeni kabisa mwa ua, kwenye tanuri la matofali, akamimina, akarudi, akaleta toroli jingine, na jingine. Sista alihesabu mifuko thelathini na minne. Zahanati yao haikujaza hata kumi kwa wiki.

Bwana Usafi alimwaga mafuta kidogo, akawasha, akafunga mlango wa chuma. Bomba la tanuri lilipaswa kuwa refu kupita paa. Sista aliinua macho kulitafuta asilione. Lilikuwa limekatika kimo cha mtu, mdomo wake umepinda, na kutoka humo moshi ulianza kutoka, mzito, wenye rangi ya manjano iliyochanganyika na nyeusi. Haukupanda. Ulisita kidogo, ukajilaza, ukafuata ukuta, ukafurika upande wa pili kama maziwa yaliyochemka kupita sufuria.

Kimya kidogo. Kisha, ng'ambo ya ukuta, mtoto akakohoa. Akakohoa tena. Na mwingine akaanza.

Sista alizijua sauti zile. Alitoka mle chumbani bila hata kuvaa viatu.

"Bwana Usafi!"

Yule mtu aliruka hatua nzima. "Sista! Unataka kuniua kwa presha? Unafanya nini hapa saa hizi?"

"Wewe unafanya nini?"

"Kazi." Alimtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Ninachoma. Jumanne na Ijumaa, kama kawaida."

"Hii mifuko yote ni ya nani?"

"Ya kwetu kidogo. Mingine ya zile zahanati mbili za ng'ambo ya reli. Mashimo yao yamejaa, Daktari akakubali kuwasaidia. Inaletwa na pikapu jioni, mimi nachoma asubuhi yake."

"Na bomba?"

"Liliangushwa na ile mvua ya upepo. Nimeshasema mpaka nimechoka kusema."

"Lakini kwa nini alfajiri? Kwa nini kwa kujificha?"

Bwana Usafi alianza kujibu, kikohozi kikamkata. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha kuinamisha mgongo, na Sista akaelewa ghafla kwa nini mtu huyu kila mwezi alimwomba dawa ya kifua "ya mke wangu." Alipomaliza alijifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Sijifichi, Sista. Zamani nilikuwa nachoma mchana, jua kali, upepo upo, moshi unakwenda zake juu. Kisha ikaja barua ya malalamiko, kwamba harufu inaingia kwa wagonjwa. Daktari akaniambia basi wahi, choma kabla watu hawajafika." Alisita. "Nilidhani unajua. Barua ilitoka chumbani kwako."

Sista aliikumbuka ile barua. Aliiandika kwa hasira, mchana mmoja, harufu ya plastiki iliyoungua ilipoingia dirishani huku mtoto akiwa na barakoa usoni. Ilikuwa zaidi ya miezi miwili iliyopita. Wiki nane kabla ya ile Jumatano ya daftari. Baada ya hapo harufu ikakoma, naye akafurahi, akadhani tanuri limetengenezwa. Mtu aliyetikisa kila yai hakutembea hatua hamsini kwenda kuangalia.

Mfuko mmoja mwekundu ulikuwa umebaki kwenye toroli, umefunguka. Ndani mlikuwa na mipira ya dripu, glovu, na barakoa ndogo za watoto, zile za rangi ya kijani alizozitupa mwenyewe kwa mikono yake tangu Jumanne. Aliushika mfuko ule. "Huu usiutie," alisema. "Na hayo yanayowaka, zima."

"Haliwezi kuzimwa, Sista. Likishawaka limewaka."

Wakasimama wote wawili wakitazama moshi ukivuka ukuta hadi jua lilipochomoza.

*

Saa mbili alikuwa mlangoni mwa ofisi ya Daktari Mkuu. Hakukaa alipoonyeshwa kiti. Alieleza yote: daftari, vijisanduku, tanuri, pikapu.

Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa kwenye droo barua tatu, nakala za alizowaandikia wakubwa kuomba bomba jipya. Tatu kwa miezi mitano. Hakuna iliyojibiwa.

"Sikuwa naficha wizi, kama ulivyodhani," alisema. "Naona ulihesabu hata stoo. Zahanati zile mbili zilikuwa zinatupa sindano jalalani, Sista. Watoto wanacheza pale. Ningesema hapana?"

"Ungesema."

"Kwa nani? Nimekuambia, sijajibiwa." Alizikunja barua. "Nitasimamisha kuchoma kwa sasa, tutafukia. Lakini nakuomba jambo moja. Usiwaambie watu. Wakijua kwamba zahanati ndiyo inayowaumiza watoto, wiki ijayo nani ataleta mtoto kuchanjwa? Nani atamleta aliyebanwa? Watakaa nao nyumbani mpaka wafe. Hilo unalitaka?"

Sista alizitazama barua zilizokunjwa. Lilikuwa swali la kweli.

"Jumatatu wanakwenda kiwandani," alisema mwishowe.

"Kile kiwanda nacho si malaika." Daktari hakumtazama usoni. "Iache Jumatatu ipite."

Jumamosi na Jumapili Sista hakula vizuri. Mama yake alimwuliza mara tatu kama anaumwa. Mara ya tatu akamwambia. Mama yake aliendelea kuchambua mboga kwa muda, kisha akasema, "Yule mwenzio anayefua nguo, atajua. Leo au mwakani, atajua. Sasa unataka aambiwe na nani?"

Jumapili alasiri Sista aliingia uchochoroni. Mama Pacha alikuwa ameketi kizingitini akimchana binti yake nywele. Yule wa kiume alikuwa akichora ardhini kwa kijiti. Sista alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwambia bila kuzunguka, pamoja na habari ya barua.

Kitana kilisimama kwenye nywele za mtoto.

"Rudia," Mama Pacha alisema.

Akarudia.

"Kwa hiyo wanangu wanavuta taka zenu, wakibanwa nawaleta kwenu mnawapa mvuke, barakoa mnazitupa, mnazichoma, wanazivuta tena." Hakupaza sauti, na kwa mtu kama yeye hilo lilitisha zaidi. "Na wewe umekuja hapa na kisanduku chako, unanionyesha bomba la watu."

"Nilikuwa sijui. Naapa."

"Sista, wewe? Wewe unayeuliza hata kama sabuni ni sabuni? Ulikuwa hujui kilicho uani kwako?" Alimvuta mtoto karibu na magoti yake. "Au mlikuwa mnatujaribia dawa? Sema tu."

"Mama Pacha, dada yangu..."

"Mimi si dada yako. Toka."

Alitoka. Nyuma yake alisikia mlango ukifungwa, mchana kweupe, jua likiwaka, mlango ambao hakuwahi kuuona umefungwa.

*

Jumatatu watu kama sitini walikusanyika mbele ya geti la kiwanda. Mwenyekiti wa mtaa alikuwapo, mlinzi wa koti la mvua alikuwapo, na Tajiri wa Magodoro alitoka mwenyewe, mikono mfukoni. Sista hakujua kama Mama Pacha ameshasema. Alimwona amesimama mbele kabisa, pacha mmoja kila mkono, amefunga mdomo, akimngoja. Ndipo alipoelewa kwamba hakumwambia mtu. Alikuwa anataka kuona kama Sista atasema mwenyewe.

Sista alipanda juu ya tofali ili aonekane.

"Moshi wa Jumanne na Ijumaa hautoki hapa," alisema. "Unatoka kwetu. Zahanatini."

Yaliyofuata hayakuwa mazuri. Kuna waliomzomea, kuna waliodhani amehongwa na kiwanda, na mwanamke mmoja alimshika kola akamtikisa. Tajiri wa Magodoro alicheka, akaanza kusema kwamba siku zote alijua, akataja na magodoro yake. Mwalimu wa chuo alikuwa amekuja na makaratasi, akayasoma kwa sauti, yote, pamoja na ya kando ya uzio wa kiwanda, na kicheko cha tajiri kikakatika. Hewa yake haikuwa ya kumwekea mtoto siku yoyote ya wiki. Mlinzi wa koti la mvua ndiye aliyewashangaza watu. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi, akasema binti yake anakaa uchochoro uleule, na yeye alikuwa akizunguka ukuta kutafuta moshi unakotoka, kwa sababu moshi wa bomba la kwao alikuwa anaujua.

Sista alipata barua ya onyo kwa kusema mambo ya kazi hadharani. Daktari Mkuu aliisaini, akampa mkononi. Lakini siku ileile alifuatana na mwenyekiti wa mtaa na watu ishirini hadi ofisi za wakubwa, na barua zake tatu mkononi; na wale ishirini waliketi kwenye ngazi mpaka mtu alipotoka kuzisoma. Katika mwezi mmoja gari lilianza kuja kuchukua mifuko myekundu, ya zahanati zote tatu, kuipeleka hospitali kubwa yenye mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto mkali, bila kuchoma. Kiwanda kilipewa muda wa kuweka kichujio kwenye bomba. Muda ule uliongezwa mara mbili, na mwalimu wa chuo alikataa kuviondoa vijisanduku vyake.

Bwana Usafi alikataa kupimwa hadi Sista alipomkamata kidole kwa nguvu na kukibana kwa kipimo cha oksijeni ya damu. Namba iliyotokea ilimfanya Sista afunge mlango na kumwambia akae. Picha ya kifua ilionyesha mapafu yenye makovu, miaka kumi na minane ya moshi. Alihamishiwa getini, kugawa namba kwa wagonjwa. Alilalamika kwamba kazi ile ni ya kitoto, na alikuwa hawezi tena kupanda ngazi bila kusimama katikati.

Na watoto? Kwa wiki tatu alichokisema Daktari kilitokea. Mabenchi yalikuwa matupu hata siku ya chanjo. Sista alizunguka mlango kwa mlango, pengine akifunguliwa, pengine akisikia watu wakinong'ona ndani mpaka aondoke. Kisha wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Jumanne na Ijumaa zikafanana na siku nyingine: watoto wanane, watoto saba. Si sifuri. Magari yalikuwa yakipita barabarani kama kawaida, majiko ya mkaa yakiwaka vyumbani, na bomba la kiwanda likisubiri kichujio chake.

Mama Pacha alikuwa wa mwisho kurudi. Alikuja asubuhi moja, mwanawe wa kiume mgongoni, kifua kikipiga filimbi. Hakusalimu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mvuke akaitazama mashine, akamtazama Sista.

"Leo mmechoma?"

"Hatuchomi tena."

"Hivyo unasema wewe."

Sista aliweka barakoa mezani. "Tumpe kwanza dawa mtoto, kisha nikupeleke."

"Nipeleke kwanza."

Wakapita koridoni, wakatoka uani, Sista akitembea haraka kwa sababu alikuwa anaisikia ile filimbi mgongoni mwa Mama Pacha. Tanuri lilikuwa pale pembeni, majani yameanza kuota mbele yake. Mama Pacha aliinama, akaweka kiganja chote juu ya mlango wa chuma, akakiacha pale, kama anayempima mtu homa. Ulikuwa wa baridi. Akaufungua, akachungulia ndani, akapitisha kidole, akakinusa.

"Nitakuja kuangalia kila ninapokuja," alisema.

"Njoo," Sista alimjibu. "Hata siku ambazo huna mgonjwa."

Mama Pacha alimshusha mtoto mgongoni, akampa Sista ambebe, maana Sista alikuwa na mikono mirefu na mwendo wa haraka, akamfuata nyuma hatua kwa hatua, bila kumwondolea macho.